Mama mkwe amekagua atomi zangu

Leo nimesahihishwa fizikia na mtu asiyejua hata kuwasha laptop.

Mama mkwe wangu, kaja kututembelea Chuno kutoka Nanyamba.

Natafuta kwa kompyuta malighafi ya paneli za sola isiyo na madini ya risasi, maana risasi ni sumu. Unachukua fuwele yenye madini ya bati, unabadilisha atomi chache tu za bati, halafu kompyuta inapiga hesabu kama itanyonya mwanga vizuri zaidi.

Wiki tatu fuwele yangu inabomoka tu. Na kesho msimamizi wangu anataka majibu!

Mama kaniletea chai na mihogo, akachungulia kwenye kioo cha laptop zile atomi za bati zilizopangwa mistari.

"Shamba la nani hili?"

Nikacheka. "Ni kama mikorosho, Mama. Nang'oa mmoja, napanda wa aina nyingine, nabadilisha kidogo tu, nione shamba litakuwaje."

Akahesabu kwa kidole, kioo changu chote alama za mihogo.

"Mbona iko minne tu? Ukibadilisha mmoja, ni robo shamba hiyo, mwanangu. Ndiyo kidogo?"

Jamani.

Kompyuta huchukua kipande kidogo, changu kilikuwa na atomi nne za bati, na kukirudia hichohicho fuwele nzima. Kwa hiyo nilikuwa nabadilisha robo ya bati yote, nami najiona natia chembe tu ya chumvi kwenye mboga!

Nimepanua kipande mpaka atomi thelathini na mbili za bati, nikabadilisha moja. Mpaka sasa imetulia tuli.

Nikamkimbilia jikoni: "Mama, shamba limekubali!"

Hata hakugeuka.

"Haya. Tunavuna lini?"

Wanafizikia wenzangu, nimjibu nini?