Ganzi ya Baiskeli ya Kunolea

Nakumbuka siku moja ya soko pale Nkwenda, mjukuu wangu, nilishuka kwenye baiskeli nikakuta nimekufa ganzi mapajani, na si mapajani peke yake. Unajua ninapopasema.

Baiskeli yenyewe ilikuwa haiendi popote, kama hiyo ya mazoezi niliyosikia umeifunga chumbani kwako. Gurudumu la nyuma lilikuwa juu ya stendi, na ukanda wake ukizungusha jiwe la kunolea. Watu walileta mapanga na miundu ya kukatia migomba, nami nikikanyaga pedeli tangu asubuhi bila kunyanyuka. Wakati ule niliona kunyanyuka ni uvivu.

Ganzi ikawa inanirudia kila soko, na ikiondoka inaniachia maumivu ya kuwaka. Nikaona dawa ni kulainisha kiti. Nikasokota ngata nene ya majani makavu ya mgomba, ile ya kubebea mzigo kichwani, nikaikalia. Ikawa mbaya zaidi, maana ngata ilibonyea pembeni ikaniinukia katikati.

Sasa sikia kilichoninyima raha. Nilikuwa nimeposa. Rubisi ya posa, ile pombe ya ndizi, wakwe wameshainywa huko Mabira, na mimi sehemu ya uanaume sisikii kitu mpaka jioni. Niliogopa sana, sikufichi. Nilijiona nitamweka binti wa watu ndani bila kumpa mtoto. Nikaamua kuvunja uchumba, na sababu nisiitaje.

Nikamwendea baba mkubwa, ndiye aliyenipa ile baiskeli, ili apeleke ujumbe. Alikuwa mzee wa kanisa, mkali, asiyependa maneno ya kuzunguka.

"Shikamoo, baba mkubwa. Naomba uwaambie wakwe nimeghairi."

"Marahaba. Binti amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi wewe una nini?"

Nikamweleza huku natazama chini. Hakucheka. Akaniambia nipande baiskeli nikanyage, akainama kutazama.

"Pua ya kiti imeelekea juu, inakubana," akasema. "Na kiti umekipandisha mpaka kiuno kinayumba kutafuta pedeli. Barabarani mashimo na vilima vinakunyanyua. Hapa atakunyanyua nani? Na hii ngata nani alikufundisha?"

Akaitupa migombani. Akachukua spana, akashusha kiti kidogo, akakilaza sawa.

"Kila ukimaliza panga moja, simama kwenye pedeli damu ipite. Sasa pumzika kwanza. Ganzi isipoisha tunakwenda kwa daktari, si kwa wakwe."

Nikapumzika mpaka mwili ukarudi kama zamani, ndipo nikaanza tena kunoa kwa namna aliyonionyesha. Ganzi sikuiona tena. Harusi ikafungwa.

Kwa hiyo na wewe, kiti chako kilale sawa, na kimo chake kisikuyumbishe kiuno. Kalia mifupa ya makalio, usikalie katikati. Usirundike vitu laini ukidhani ni huruma, na kaptula yenye mshono mnene iache. Nyanyuka mara kwa mara hata kama hujachoka, maana hapo chumbani hakuna kilima. Ukihisi ganzi, shuka. Ikiendelea baada ya kushuka, nenda hospitali na useme ni wapi, usizunguke.

Mungu akulindie mwili wako, akupe na kinywa cha kusema panapouma. Yule binti wa Mabira ndiye bibi yako. Ningeendelea kunyamaza, leo nisingekuwa na mjukuu wa kumwambia haya.