Padi Mbili za Mfaranyaki

Wifi yangu hakuwahi kuitikia shikamoo yangu. Nilimwamkia kila asubuhi kwa sababu ndivyo nilivyolelewa kwetu Mbinga, milimani, na kwa sababu alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Yeye alijibu "Haya," kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yamechemka, kisha akaendelea na shughuli zake.

Tuliishi naye mtaa wa Mfaranyaki, katika nyumba aliyoijenga baba yao. Baba mkwe alikuwa ameshafariki nilipoolewa, na mama mkwe alipenda kukaa shambani kwake, upande wa Peramiho. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alipeleka mahindi Dar es Salaam na kurudi na shehena za wafanyabiashara, kwa hiyo pale nyumbani alikuwa kama mgeni. Nyumba tukabaki nayo wawili: mimi, bibi harusi ambaye sijapata mtoto, na wifi, aliyeachika huko Namtumbo akarudi na masanduku yake na mdomo wake. Tangu siku ya kwanza aliamini nimekuja kumnyang'anya nyumba ya baba yake. Mimi nami niliamua kwamba kama ni vita, sitakimbia.

Hatukupigana hata siku moja. Nikifagia uwanja, alichukua ufagio akafagia tena palepale, taratibu, majirani wakiona. Akipika dagaa wa Nyasa alijaza pilipili, akijua pilipili inanichoma tumbo. Nami nilipofua nilikuwa naanika nguo zangu na za mume wangu, zake naziacha ndani ya beseni zikichacha. Wageni wakija tulicheka pamoja, tukaitana "wifi, wifi" mpaka wakatusifu.

Sebuleni palikuwa na kochi moja kubwa la mninga, lenye mito ya sponji na vitambaa vya kufuma. Lilikuwa la baba yao. Baada ya msiba wifi ndiye aliyelikalia, wala hakutaka mwingine alisogelee. Mimi nilipewa kigoda karibu na mlango, mahali ambapo jua la mchana linakupiga usoni.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa, biashara imefunguliwa. Watu waliokuwa wakipanga foleni ya sabuni muda si mrefu uliopita, sasa walikuwa wakichagua redio kwa rangi. Kila safari mume wangu alirudi na kitu: pasi ya umeme, kisha televisheni, kisha deki ya kuchezea kanda za video. Safari moja akashuka na boksi ambalo hakutaka tuliguse mpaka aoge na kula. Ndani mlikuwa na gemu. Nilikuwa nimeshaona gemu mara moja, mjini, kwenye duka la vyombo, lakini lile padi zake, vile vidude vya kushika na kubonyeza, zilifungwa kwa waya. Hili letu halikuwa na waya. Padi zake mbili ziliwekwa betri ndogo, ukabonyeza huku umekaa mbali, na kitu kikatembea kwenye kioo cha televisheni. Mbele ya mashine palikuwa na kijidirisha cheusi cha plastiki kinachong'aa. Sikukitilia maanani.

"Hii padi ya dada," mume wangu alisema, "na hii ya mke wangu. Mchezo wenyewe ni wa watu wawili wanaosaidiana. Nikirudi nikute mmekuwa mabingwa."

Maskini, alidhani ametuletea dawa. Mchezo ulikuwa wa vifaru. Kifaru cha njano na kifaru cha kijani vinalinda ngome moja, na vya adui vinashuka kutoka juu. Jioni ile aliiweka mashine sakafuni, juu ya mkeka, akatukalisha mbele yake bega kwa bega, akatufundisha. Padi zote mbili zilifanya kazi. Nilishangaa jinsi nilivyopenda. Nilimtazama wifi kwa pembe ya jicho nikaona naye amepagawa, ulimi nje kidogo, mabega yanakwenda na kifaru. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba tulipenda kitu kimoja.

Mume wangu alipoondoka, wifi alipanga sebule upya. Alikunja mkeka, akaiweka televisheni na gemu juu ya meza ndogo ya redio ya baba yao, iliyotazamana na kochi. Umeme wa mgawo uliporudi mchana akakaa, akawasha, akachukua padi yake. Mimi nikakaa kwenye kigoda changu na padi yangu.

Kifaru cha njano kilitembea. Cha kijani, ambacho kilikuwa changu, kilisimama kama jiwe.

Nilibonyeza kila kitufe. Nilitikisa. Nilifungua mfuniko nikazigeuza betri, nikazirudisha zilivyokuwa. Adui wa kwanza alishuka akakilipua kifaru changu kikiwa kimesimama palepale kilipozaliwa.

"Vitu vingine vinataka mkono wenye bahati," wifi alisema bila kugeuka.

"Hebu niazime betri zako nijaribu."

"Zangu zinafanya kazi."

"Ndiyo maana nakuomba."

"Na ndiyo maana nakunyima."

Nilikwenda dukani nikanunua betri mpya. Kifaru hakikusogea. Nikazianika betri juani juu ya bati la banda la kuku, kama tulivyozianika za redio kijijini. Hapana. Nikasugua vile vichuma vya ndani kwa wembe, nikapuliza vumbi, nikafunga mfuniko kwa mpira labda umelegea. Siku moja ya mvua, mbingu imeziba na sebule ina giza, kifaru kilisogea hatua kadhaa nilipoinama kuokota ganda la kitunguu sakafuni, nikaruka kwa furaha, kikasimama tena. Wifi alicheka mpaka akashika tumbo. Kuanzia hapo alipata wimbo. Kwa kila jirani aliyekuja kuchungulia gemu alisema, "Ndugu yangu kanunua mbili, moja imeingia mkono usiofaa." Aliyesikia alielewa kwamba hazungumzii padi. Sikuwa na mtoto, na mwaka ulikuwa umeshapita.

Ile kauli ndiyo iliyonitoa kwenye huzuni ikaniingiza kwenye hasira, na hasira ilinipa akili. Nilijiambia, huyu ameharibu padi yangu kwa makusudi, na nitaipata njia aliyotumia.

Jumapili alikwenda misa. Mimi nilisema naumwa kichwa. Alipopotea kwenye kona nilifunga mlango wa mbele, nikachukua padi yake kochini, nikakaa kwenye kigoda changu. Bahati nzuri umeme ulikuwepo. Nilibonyeza padi yake, ile nzima, ile yenye bahati. Kifaru cha njano hakikutikisika.

Nilikaa nikiitazama. Kisha nikachukua padi yangu, ile mbovu, na nikafanya jambo ambalo tangu niolewe sikuwahi kulifanya. Nilikaa kwenye kochi. Nikabonyeza, na kifaru changu cha kijani kikaondoka mbio kama mbuzi aliyekata kamba.

Nilinyanyuka nikajaribu tena kwenye kigoda. Kimya. Nikasimama katikati ya chumba, kikaitika. Nikaweka kiganja juu ya kile kijidirisha cheusi, kikafa. Nikatoa kiganja, kikafufuka. Basi nikaelewa. Mashine ilikuwa inaona. Kijidirisha kilikuwa jicho lake, na jicho lilielekezwa kwenye kochi. Aliyekaa pembeni, tena na jua linampiga kutoka mlangoni, hakuonekana kabisa.

Ningeweza kuzima nikakaa na ujuzi wangu. Lakini nilikuwa nimeshakaa kwenye kochi, lilikuwa laini, na kifaru kilikuwa kinanitii. Nikacheza. Nilicheza mpaka nikasikia kitasa kinachezeshwa, nikaenda kufungua padi ikiwa mkononi, nikarudi kukaa palepale.

Wifi alisimama na kitenge chake cha kanisani, rozari imezungushwa kwenye vidole.

"Toka kwenye kiti cha baba."

"Karibu kutoka misa, wifi."

"Nimesema toka."

"Padi yangu si mbovu," nikamwambia. "Wala mkono wangu. Meza ndiyo imekaa vibaya. Tukiigeuza ielekee katikati, wote tutacheza."

Alikuja akasimama mbele ya meza, kati yangu na lile jicho, mikono kiunoni. Kifaru changu kikaganda. "Meza hiyo aliiweka baba kwa mikono yake," alisema. "Nyie mnaotoka huko milimani mnakuja mikono mitupu, halafu mnapanga nyumba za watu."

"Baba yako aliiweka kwa ajili ya redio. Redio haina macho."

Alichomoa waya kwenye soketi. Nilinyanyuka, nikapita kando yake, nikaenda kuchambua mboga. Nilichambua kwa raha.

Kesho yake, alipokwenda gengeni, niligeuza meza. Aliporudi aliirudisha. Nikaigeuza tena. Sakafu yetu ilikuwa ya sementi nyekundu iliyosuguliwa kwa nta, na miguu ya meza ikaichora mistari myeupe ya kwenda na kurudi. Nilijaribu kusogeza kigoda mbele ya kochi, akasema namkinga, na kweli nilimkinga. Nilijaribu kukaa ubavuni mwake, akanyoosha mguu akaweka pale ndoo ya mahindi aliyokuwa akipukuchua. Hatukuzungumza tena hata mbele ya wageni. Jirani mmoja aliuliza kama kuna mgonjwa ndani.

Mume wangu alirudi meza ikiwa imerudishwa kuelekea kochi. Alioga, akala, akaketi kwenye kochi kama mwanaume wa nyumba anavyoketi, akashika padi yangu. "Mmekuwa mabingwa?"

"Yake imekufa," wifi alisema haraka. "Haifai."

Akabonyeza. Kifaru cha kijani kikatembea. "Mbona nzima?" Wifi akakaa kwenye mkono wa kochi na padi yake, na ndugu wale wawili wakaanza kucheza, wanapigana vikumbo na kucheka kama watoto wa mama mmoja, kwa kuwa ndivyo walivyokuwa. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Hakuna aliyenitazama. Nilisikia wifi akisema, "Unaona? Kwa mwenye nyumba inafanya kazi."

Niliweka sinia chini. Nikaishika meza, televisheni na gemu vikiwa juu yake, nikaizungusha hadi ikatazama mlango. Vifaru vyao vyote viwili vikasimama.

"Mke wangu! Umechanganyikiwa?"

"Bonyeza," nikasema.

Akabonyeza. Akabonyeza tena. Nikachukua padi mkononi mwake, nikaenda kukaa kwenye kigoda, nikaendesha kifaru kushoto na kulia. "Hapa ndipo ninapokaa," nilimwambia. "Tangu uondoke, hapa ndipo ninapokaa. Muulize dada yako kama hajui."

Mume wangu alitazama sakafu, ile michoro myeupe. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliinuka akaiweka meza katikati, kwa mshazari, akaitingisha kuona kama imetulia. "Itakaa hivi," alisema. "Haya, chezeni nione."

Wifi aliteremka kwenye kochi lake. Mimi nikabaki kigodani. Kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya mkeka, vifaru vyote viwili viliondoka pamoja. Mchezo ule ulikuwa na jambo moja ambalo mume wangu hakutuambia, au labda hakulijua: ukimpiga mwenzako risasi hafi, ila anaganda kwa muda. Wifi alinipiga. Nilipofunguka nikampiga. Adui walikuwa wanashuka pande zote na sisi tunafukuzana pembeni, tunagandishana. Mume wangu alikuwa anasema, "Ngome! Ngome! Jamani, ngome!" Nilirudi kulinda. Nikafika wakati kifaru cha njano nacho kinafika. Wifi alikigeuza taratibu, akaelekeza mdomo wa mzinga kwenye ngome yetu, akapiga.

Mchezo ukaisha.

"Dada," mume wangu alisema, "umepiga nyumbani."

"Nimeona." Aliweka padi mapajani. "Kesho nitafutie gari. Nakwenda kwa mama."

"Kwa ajili ya gemu?"

"Nyumba haina nafasi yangu tena. Meza imehamishwa."

Alibembelezwa jioni nzima na nusu ya asubuhi. Mimi sikubembeleza. Asubuhi hiyohiyo pikapu ya rafiki wa mume wangu ilikuja, wakapakia masanduku, vyungu, na kochi. Kochi halikupita mlangoni mpaka wakaliondoa miguu, na wifi alisimama juu yao akisimamia kila msumari. Padi ya kifaru cha njano alikuwa ameifunga ndani ya kanga pamoja na rozari yake. Mume wangu aliiona, akauliza itamsaidia nini Peramiho, mahali ambapo hata umeme nyumbani kwa mama hakuna. Mimi nilielewa vizuri sana, kwa maana ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Pikapu ilipoondoka nilipaka nta sakafu yote na kuisugua. Watu hutegemea niseme nilijisikia vibaya. Nilijisikia vizuri. Nililala mchana ule kama mtoto.

Gemu halikudumu. Siku moja umeme ulirudi kwa kishindo, taa zikawaka nyeupe kupita kiasi, na harufu ya plastiki ikajaa sebuleni. Fundi alilifungua akanionyesha masizi, akalifunga. Sikulia. Wakati huo nilikuwa na mimba, na kucheza peke yangu kulikuwa kumenichosha.

Na wifi tulikutana tena kwenye msiba wa mama mkwe. Wakaza wana na mabinti tulipangwa jikoni, nje, kwenye mafiga matatu, na bila mtu kukusudia tulijikuta kwenye sufuria moja la maharage, kila mmoja na mwiko wake. Nilimwamkia. Hakuitikia. Tulikoroga, moshi ukitupiga macho, wanawake wengine wakiimba nyuma yetu. Alichota kidogo kwa mwiko, akanidondoshea kwenye kiganja bila kunitazama.

"Chumvi?"

Nikaonja. "Haijatosha."

Akaongeza, akakoroga, akanipa tena.

"Sasa?"

"Imetosha."

Akasogea upande wa pili wa sufuria, na mpaka tulipomaliza kupakua hatukusemezana tena.