Walitaka kuzima moshi wa jikoni kwetu Bombo, mama akawasha moto mbele ya wafadhili

Wakuu, habari za majukumu.

Siku kadhaa nasoma mnavyobishana humu kuhusu mikutano ya tabianchi na sera ya nishati safi. Nimevumilia. Ila jana mdau mmoja kaandika kwamba wanaopikia kuni vijijini ni wabishi wasiopenda maendeleo. Nikaona ngoja niseme yangu.

Chumvi siongezi. Mama yangu yu hai, na wajukuu wanamsomea kila ninachoandika humu.

Nyumbani ni Bombo, milimani Upare, Same. Miaka ya tisini mwanzoni. Waliokuwepo wanakumbuka: ruzuku imeondolewa, duka la ushirika limebaki na buibui, mbegu anauza mfanyabiashara binafsi kwa bei aliyoamka nayo. Soko huria, tukaambiwa. Huria kwa mwenye hela.

Kwa hiyo kila nyumba ilitunza mbegu yake. Mahindi bora yanafungwa mawili mawili kwa maganda yake, yananing'inizwa juu ya mafiga. Moshi unayapiga mpaka yanakuwa meusi, mdudu dumuzi hasogei.

Ndipo akaja afisa mmoja. Jina silitaji, kijiji kizima tulimwita Bwana Mradi.

Alituhutubia nje ya kanisa baada ya ibada. Serikali ina sera mpya ya nishati, mataifa yamekaa mkutano yamekubaliana kuokoa hewa, na sisi tupunguze kuni. Wakuu, kijiji hakikuwa na taa hata moja ya umeme. Hewa ya dunia tuliichafua na nini, koroboi?

Hata hivyo mama alikubali. Nyumba yetu iko karibu na barabara, ikachaguliwa kuwa ya mfano. Wakamjengea jiko la matofali na udongo, lenye bomba la kutolea moshi nje.

Niseme haki, lilikuwa jiko zuri. Kuni kidogo, jikoni kweupe, na macho ya mama yakaacha kuchuruzika.

Msimu wa kupanda ulipokaribia, mama akapanda kigoda kuteremsha mbegu. Unga ukammwagikia kichwani. Yote yamebunguliwa. Akakaa chini. Sikuwahi kumwona mama akiogopa kabla ya siku ile.

Jirani yetu Mama Nakijwa, aliyekuwa amelikataa jiko la mradi, akatugawia mbegu kidogo. Tukapanda nusu shamba. Mwaka ule tulikula ndizi na mihogo mpaka nikachukia kuviona.

Baada ya mavuno mama akachagua mbegu upya, akainingʼiniza, na mafiga matatu akayarudisha palepale chini yake, pembeni mwa jiko la mradi.

Bwana Mradi akaja mbio. Wafadhili wanakuja, watapiga picha jikoni kwetu wakazionyeshe kwenye mkutano wa kimataifa. Mafiga yatoke, mahindi yashushwe, na visirudi tena. Mama akikaidi, atanyimwa ruhusa ya kuokota kuni kavu msitu wa hifadhi.

"Nimekusikia, mwanangu," mama akamjibu.

Yeye akadhani amekubaliwa. Mpare akikwambia amekusikia, ujue amekusikia tu.

Wageni walipofika walikuta makande yanatokota juu ya mafiga, moshi umetanda jiko zima. Wakaingia wanakohoa. Mgeni mmoja, mama wa Kizungu mtu mzima, akanyoosha kidole juu akauliza yale ni nini. Bwana Mradi akawahi kujibu kwa Kiingereza kwamba ni mapambo ya kimila.

Mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo, nipo tu nyumbani sina kazi. Kiingereza changu kilichechemea, lakini hilo nililielewa.

"Anasemaje huyo?" mama akaniuliza.

"Anasema ni mapambo."

Mama akapanda kigoda, akafungua mahindi mawili, akamwekea yule mgeni mikononi.

"Mwambie hiki ndicho chakula chetu cha mwakani, na moshi ndio unaokilinda. Jiko lao ni zuri, lakini mbegu yangu waliwaachia wadudu. Akayaseme hayo huko mkutanoni."

Nikatafsiri. Mgeni akamgeukia Bwana Mradi, akamuuliza kama alikuwa anajua. Akaanza kuwahimiza watoke. Picha hazikupigwa.

Kama yalisemwa mkutanoni, sijui. Ninachojua, ruhusa ya msituni tulinyang'anywa kweli, tukaishia kukata miti yetu ya migrivea ya shambani. Na shamba tulipanda lote.

Leo mama haoni vizuri. Daktari kaniambia moshi wa miaka mingi umechangia. Nilimuuliza mama kama anajuta.

"Nilijua moshi unaniumiza," akasema. "Sasa ninyi mngekula nini?"

Funzo nililopata ni hili. Gesi siipingi, mimi mwenyewe ndiyo napikia hapa Same mjini. Ukitaka kumtoa mtu kwenye moshi, muulize kwanza moshi huo unamfanyia kazi gani, kisha umletee na kitu cha kuifanya kazi hiyo. Huna? Basi muache apike.

Ila mbishi usimwite. Huyo unayemcheka alitoa macho yake ili sisi tule.

Uwanja ni wenu, wakuu. Yule mdau wa jana aanze yeye.