Fundi Aliyeshika Kelele kwa Mkono

Kwa miaka ishirini na tisa karakana nzima imemwita Shangazi, na hakuna hata mmoja pale aliye mtoto wa kaka yake. Aliingia kwa kazi ya kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, akapewa matairi, kisha breki, na mwishowe sehemu yote ya mbele ya gari, kuanzia usukani hadi ekseli. Sasa ana miaka hamsini na mitatu. Katika mifuko ya ovaroli yake hukosi chaki, rula fupi ya chuma na tochi. Spana huziacha sandukuni. Husema spana ni ya mtu ambaye tayari anajua anachokwenda kufungua.

Mwaka jana sikio lake la kushoto lilizima. Daktari alipima mara mbili, akasema ni mshipa na haurudi. La kulia ni zima. Mtu mwenye sikio moja husikia vya kutosha kuongea, kucheka na kugombana. Anachopoteza ni upande. Kikombe kikianguka anajua kimeanguka, ila hajui wapi. Kwa mwalimu au mpishi huo ni usumbufu tu. Kwa fundi anayelala chini ya gari akitafuta chuma kinachogonga, ni jambo la kumwondoa kazini.

Msimamizi wa karakana ana umri mdogo kuliko wake kwa miaka kumi na mmoja, na Shangazi ndiye aliyemfundisha kufunga habu ya gurudumu. Mzee wa dirisha la stoo alipostaafu, msimamizi alianza kulitaja dirisha hilo kila wiki. Kazi ya hapo ni kukaa kwenye kiti kirefu na kutoa vipuri kwa anayevihitaji.

"Kuna feni pale, Shangazi. Kuna kiti chenye mto."

"Kiti nimekiona, mwanangu. Gari ndilo sijaliona."

"Hapa kazini mimi ni bosi."

"Sawa. Gari ndilo sijaliona, bosi mwanangu."

Mambo yangeweza kwenda hivyo kwa mizaha mwaka mzima, kama si gari la kijani la wakaguzi wa visima. Ni gari refu la porini, lenye ekseli nzima ya mbele kama ya lori, na kazi yake ni kupanda milima kwenye njia ambazo mbuzi huzifikiria mara mbili. Lilirudi karakana mara tatu ndani ya miezi miwili na lalamiko moja: usukani ukikatwa, kitu kinagonga chini, na kwenye mashimo sehemu ya mbele inahama kidogo kando kabla ya kutii. Msimamizi alilisikiliza mwenyewe akasema mlio unatoka kwenye boksi la usukani. Boksi likabadilishwa. Viungo vya usukani vikabadilishwa. Mlio ukabaki.

Jumanne, saa ya chai, Shangazi alisema mbele ya wote kwamba gari lile hakupewa hata mara moja.

"Kelele ni kazi ya masikio, Shangazi," msimamizi alijibu. Wachache wakacheka, na kicheko kikampa ujasiri. "Haya, chukua. Mpaka Ijumaa mchana. Ukiipata, sitalitaja dirisha tena maisha yangu. Usipoipata, Jumatatu unakaa kwenye kiti, na bila kununa."

Huenda ulikuwa utani. Shangazi aliweka kikombe chini, akanyoosha mkono, na msimamizi hakuwa na la kufanya ila kuupokea.

Nyumbani anaishi na mdogo wake, mshonaji. Vyumba ni viwili, na cherehani iko karibu na meza ya chakula kiasi kwamba anayekula hutakiwa kuangalia sindano. Jumatano jioni mdogo mtu alikuwa akipinda suruali na kumpinda dada yake kwa wakati mmoja.

"Umri huu bado unalala chini ya magari. Wamekupa kiti, unakataa. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Basi hamia upande huu wa kushoto, uendelee kusema."

"Nauliza kweli, dada. Kiti kina ubaya gani?"

Shangazi alitafuna kwanza. "Dirishani nitakuwa mtu anayejua kitu kiko wapi. Chini ya gari najua kitu kina nini. Ukinitoa hapo, nimebaki na nini?"

Mshonaji aliacha kukanyaga cherehani. Akainuka, akamwongezea dada yake mboga.

Siku ya Alhamisi iliisha vibaya. Shangazi alifanya alichofanya kila fundi aliyemtangulia: alipiga jeki, akanyanyua ekseli ya mbele, akashika gurudumu juu na chini, kushoto na kulia, akalitikisa. Hakuna kilichocheza. Akatumia spana kwenye kila bolti. Zote zilikuwa zimekaza. Alifanya hivyo mara mbili, na mara ya pili alikuwa na hasira. Mafundi waliokuwa wakipita karibu naye walianza kupunguza mwendo, kama watu wanaopita kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Dereva wa gari lile, mtu mnene mwenye maneno mengi, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akila karanga.

"Hili linakufanyia kusudi," alisema. "Mimi nikirudi nyuma kutoka maegesho, linagonga. Nikikata usukani limesimama, linagonga. Mkilinyanyua tu, kimya. Kama mgonjwa aliyemwona daktari."

"Sema tena."

"Nisogee karibu na sikio?"

"Nimesikia. Sema tena polepole."

Dereva alirudia. Shangazi alitazama magurudumu yaliyokuwa yakining'inia hewani, huru, bila mzigo, bila ardhi ya kuyashika. Gari lote lilikuwa limelegea kama mtu aliyelala. Kiungo kilichochoka hakiwezi kugonga kama hakuna kinachokisukuma. Karakana nzima ilikuwa imelilaza gari kitandani, kisha ikaliuliza linaumwa wapi likitembea. Na yeye, mwenye miaka ishirini na tisa ya kazi, alikuwa amefanya vilevile.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, alilishusha. Gari likasimama sakafuni kwa matairi yake, breki ya mkono imevutwa, gia imetolewa, vipande vya mbao vimewekwa nyuma na mbele ya magurudumu. Alimpandisha dereva kitini.

"Washa injini. Kata usukani robo kushoto, robo kulia. Usiharakishe na usiache mpaka nikuambie. Na usiongee."

"Hilo la mwisho ndilo gumu."

Alilala chali, akaingia chini. Hakujaribu kusikiliza. Mlio husafiri ndani ya chuma. Hugonga hapa na kutokea mita moja mbele, na mwenye masikio mawili hudanganyika kwa uhakika zaidi kuliko mwenye moja. Aliweka kiganja kwenye boksi la usukani lililolaumiwa. Lilitetemeka kila usukani ulipogeuka, lakini halikuhama. Akaenda kwenye kiungo cha kwanza, kidole kimoja upande huu wa maungio na kingine upande wa pili. Vilikwenda pamoja. Kiungo cha pili, pamoja. Cha tatu, pamoja.

Msimamizi alikuwa amekuja kusimama na mikono nyuma. Aliinama. "Unalitengeneza au unalikanda?"

"Nalipima homa."

Iliyobaki ilikuwa fimbo ya chuma, nene kama mpini wa jembe, inayolala kimshazari kutoka kwenye fremu ya gari hadi kwenye ekseli. Kazi yake ni moja: kuizuia ekseli isihame kushoto wala kulia. Kwenye ncha ya chini vidole vyake vilikwenda pamoja. Akapeleka mkono kwenye ncha ya juu, pale bolti inapopita ndani ya kishikio cha fremu, na kidole kimoja kikaachana na kingine.

Alitoa chaki. Alichora mstari mmoja mwembamba kuanzia kwenye kishikio hadi kwenye kichwa cha bolti, kisha akamwambia msimamizi alale.

"Nilale?"

"Umevaa shati safi, najua. Lala."

Alilala. Dereva akakata kushoto: mstari ukakatika katikati, nusu ikienda na bolti. Akakata kulia: nusu zikarudiana, na chuma kikagonga. Shangazi aliweka rula. Milimita nne. Kwa milimita hizo nne ekseli nzima ilikuwa inatoka mahali pake kila usukani ulipogeuka, kabla magurudumu hayajageuka hata kidogo.

"Haiwezekani," msimamizi alisema akiwa bado chini. "Bolti hiyo nimeijaribu mwenyewe. Mara tatu. Imekaza."

"Imekaza kweli. Ifungue."

Aliifungua, kwa nguvu, na ilipotoka wote wakaona. Kila karakana ina kopo la bolti za zamani, na kila fundi mwenye haraka amewahi kuingiza mkono humo. Hii ilikuwa na unene unaofaa na urefu unaofaa, lakini meno yake yaliishia njiani. Sehemu iliyobaki ilikuwa laini. Nati ilikuwa imezunguka hadi mwisho wa meno na kukwama hapo, kabla ya kukibana kishikio. Spana ilihisi ugumu, na mkono wa fundi ukaridhika.

"Nati imeishika bolti," Shangazi alisema. "Gari haijalishika."

Tundu lenyewe, lililopaswa kuwa duara, lilikuwa limelika hadi kuwa na umbo la yai. Msimamizi aliizungusha bolti kiganjani. Kadi ya gari ilikuwa ofisini, ila hakuhitaji kuiendea.

"Mwaka juzi," alisema. "Niliifunga mimi. Wakaguzi walikuwa wamesimama pale mlangoni wananiharakisha."

Shangazi alichukua kitambaa, akafuta chaki kwenye vidole. Alikuwa na nafasi ya kusema neno, na kila mtu alilingoja. "Mwite wa kuchomelea," akasema.

Tundu lilizibwa kwa bamba, likatobolewa upya kwa kipimo. Bolti mpya ilitoka stoo, meno yake yakihesabiwa kabla ya kuingia, na ikakazwa gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Saa tano na nusu msimamizi mwenyewe alishika usukani, Shangazi akakaa pembeni yake, dereva nyuma. Walikwenda kwenye njia ya nyuma ya karakana, yenye mashimo na matuta kama ubao wa kufulia. Vioo vilifungwa. Shangazi hakusikiliza hapa pia. Alitazama uso wa msimamizi. Kwenye shimo la kwanza taya lake lilikuwa limekazwa. Kwenye la pili, likalegea. Kwenye kona alikata usukani wote kwa ghafla, kwa makusudi, akingoja. Kisha akageuza gari, akapita njia ileile mara ya pili kwa kasi zaidi, na safari hii alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeazimwa gari jipya.

"Limenyooka," dereva alisema kutoka nyuma. "Miaka miwili nalishika kama nashika fahali pembe. Limenyooka kabisa."

Walipoegesha, mafundi walikuwa wamejipanga mlangoni wakijifanya wana shughuli. Msimamizi alishuka, akawaambia kwamba kuanzia leo gari lolote lenye mlio wa mbele linapelekwa kwa Shangazi kabla ya mtu mwingine kugusa jeki, na kwamba Jumatatu asubuhi wote watalala chini wamwangalie anavyofanya, yeye msimamizi akiwa wa kwanza kulala. Dirisha la stoo, alisema, litatafutiwa mtu anayelitaka.

Shangazi alisema hakusikia vizuri. Msimamizi akazunguka upande wa kulia na kuyarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi, hadi wapaka rangi wa banda la pili wakatoka nje kutazama.

"Ulikuwa umesikia," dereva alimnong'oneza baadaye.

"Neno kwa neno."

Wakati wengine wakienda kula, Shangazi alilisogelea gari lililofuata, pikapu nyeupe iliyoletwa kwa lalamiko la usukani mzito. Akamwita msimamizi apande akate robo kushoto, robo kulia. Bosi akapanda.