Bahasha Nene, Bahasha Nyembamba

Volkmar akikutana na mtu humtazama kwanza mdomoni, ndipo machoni. Si utovu wa adabu, ni kazi imemzoesha. Miaka ishirini na miwili ametengeneza meno ya bandia, na mpaka leo tukienda sokoni Jumamosi hunigusa kiwiko na kuninong'oneza, "Yule mama wa jibini, jino la juu kushoto, lile langu." Kisha hutembea kifua mbele mpaka kwenye meza za mboga. Mimi ni mwenzi wake, Henning, mtunza bustani wa makaburi ya mji, na nimeshachoka kuwaeleza watu kwamba kazi yangu haina huzuni. Huzuni niliiona nyumbani kwetu mwaka 2009, karakana ya meno aliyokuwa akifanyia kazi Volkmar ilipofungwa kwa sababu mwenyewe alizeeka na hakupata wa kuirithi.

Volkmar akaanza kuomba kazi. Kwetu mkoani Westfalia maombi ni jalada zima: barua, picha umevaa suti, vyeti vyote tangu shuleni, na wasifu ambao juu kabisa, chini ya tarehe ya kuzaliwa, watu huandika hali yao ya ndoa. Hulazimishwi, ila ukiruka mstari huo wanajiuliza unaficha nini. Volkmar aliandika ukweli: ubia wa maisha uliosajiliwa. Wakati ule ndoa ilikuwa ya mume na mke, na ubia huo tulipewa sisi tu, wanaume wawili au wanawake wawili. Mtu yeyote akiyasoma maneno hayo alijua mara moja.

Ukikataliwa, wanakurudishia jalada lako, maana majalada yale ni ghali na yanatumika tena. Kwa hiyo kila mtafuta kazi hujua habari yake kabla hajafungua: bahasha nene ni hapana, nyembamba ni mwaliko. Nene haziingii kwenye kisanduku cha barua. Ilibidi Bwana Tewes, mpeleka barua wetu, apige kengele, na mwishowe akawa anaumia kuliko sisi.

"Nene tena, Bwana Lohse," alisema asubuhi moja, anatazama viatu vyake.

"Weka hapo juu ya viatu vyangu, vimeshaizoea," Volkmar akamjibu.

"Mi ningeweza kuzipoteza njiani, ukitaka."

"Utafukuzwa, halafu tutakuwa wawili tunaomba kazi."

Walicheka wote wawili. Nilikuwa jikoni nikawasikia, nikataka kurusha kikombe ukutani.

Jalada la kumi na saba ndilo lililoniharibia roho. Volkmar aliyakagua yote yaliyorudi, akitoa kurasa zilizo safi azitumie tena. Akasimama kwenye ukurasa mmoja, akanipa. Chini ya "ubia wa maisha uliosajiliwa" mtu alikuwa amepiga mstari wa penseli, mnyoofu, kwa rula. Akasahau kuufuta. Barua yao ilisema wamevutiwa sana na ujuzi wake na wanamtakia kila la heri.

"Sheria ipo," nilisema. "Hawaruhusiwi."

"Nitawaambia nini? Kwamba wana penseli?"

"Basi futa wewe. Toa mstari ule wote, Volkmar. Andika hujaoa."

"Nimeoa."

"Karatasi haijui."

"Mimi najua," akasema, akachukua kifutio, akaufuta mstari wa penseli taratibu ili ukurasa usichafuke. Maneno aliyaacha.

Nilimpenda na kumkasirikia papo hapo. Yeye asubuhi alikuwa akinyoa ndevu na kuvaa shati la kazi bila pa kwenda. Alikuwa ameanza kusafisha meno ya mbwa wa jirani. Lilipofika jalada la thelathini na moja, nilifanya jambo ambalo sikumwambia. Siku moja akiwa kwa daktari, nilifungua tarakilishi, nikaandika "hajaoa", nikachapa, nikatuma jalada kwenye karakana ya mji wa tatu kutoka kwetu. Nilijifuta mwenyewe kwa vidole vyangu viwili vya kuchapia, na nikajiambia ni kwa faida yake.

Siku ya tisa Bwana Tewes hakupiga kengele. Aligonga dirisha la jikoni, bahasha juu ya kichwa.

"Nyembamba! Bwana Lohse, nyembamba!"

Volkmar alisoma amesimama. Bi Dettmer, mwenye karakana, alimwalika siku ya kujaribiwa: unafanya kazi na wenzako kutwa nzima, jioni wanakuambia. Alifurahi mpaka masikio yakamwiva. Halafu uso ukabadilika.

"Huku mimi sijatuma."

"Nimetuma mimi," nikasema.

"Umeandika nini?"

"Hujaoa," nikamwambia. Akavuta kiti, akakaa.

"Nimekuwa kapera tangu lini?"

"Tangu Jumanne ya wiki iliyopita."

"Ungeniambia, ningejifurahisha kidogo," alisema. Lakini hakucheka, na siku mbili tulikula mkate wa jioni tukipitishiana matango ya siki kama wageni hotelini.

Nilidhani hataenda. Akaenda. Nilimpeleka kwa gari la makaburini, maua ya begonia yakiyumba nyuma, na jioni nikarudi kumchukua. Kupitia dirisha kubwa nilimwona kwenye benchi, miwani kwenye paji la uso, na mwanamke mfupi mwenye nywele fupi nyeupe akigeuza jino kwenye mwanga wa taa. Aliligeuza mara nyingi. Kisha akampa Volkmar mkono. Hapo mume wangu akatoa karatasi mfukoni.

Nilijua ni nini: wasifu wake wa kweli. Nikashika usukani kama vile gari linakwenda.

Bi Dettmer alisoma. Akaenda kwenye meza yake, akaleta jalada, akaweka karatasi mbili sambamba. Volkmar alisema maneno machache na kuonyesha nje, kwangu. Yule mama akatoka, akagonga kioo.

"Wewe ndiye uliyechapa hii?"

"Ndiyo, Bi Dettmer. Kosa si lake."

"Hilo kashaniambia. Humu kwangu anayevunja kitu hunieleza kabla sijakikuta. Yeye kanieleza. Wewe, bwana, nisingekuajiri."

"Sijui hata kusafisha jino," nikasema.

"Nimeona. Huna hata meno ya mfano mzuri," akasema, macho mdomoni mwangu kama wenzake wote. Kisha sauti ikashuka. "Kaniuliza kama ningemwalika kwa karatasi ya kweli. Ningependa kukwambia ndiyo. Sijui. Nimekuwa nikiyachambua majalada miaka thelathini, sijawahi kujiuliza mkono wangu unayaweka kando upesi yapi. Leo nimejiuliza, na sikupenda jibu."

Nilimwambia kwamba begonia zile za nyuma ya gari zimebaki, achague mbili. Alichagua nyekundu.

Volkmar alianza kazi kwake Jumatatu. Anayeanza kazi kwetu huwaletea wenzake keki, kwa hiyo Jumapili nilioka ya tufaha, sinia mbili, nikaziunguza kidogo kwenye kingo kwa wasiwasi. Jioni ile ya Jumatatu alirudi na sinia tupu na nakala ya ile karatasi yake. Alikuwa amemwomba Bi Dettmer ruhusa ya kuninakilia ukurasa wa kwanza.

Pale juu, chini ya tarehe ya kuzaliwa, hakuandika ubia peke yake. Aliandika: "Na Henning Wulfert, tangu 2002." Na chini ya jina langu palikuwa na mstari wa penseli.

Nikaugusa kwa kidole. "Na huyu pia?"

"Geuza," akasema.

Nyuma alikuwa amenakili kipande cha kalenda ya ukutani ya Bi Dettmer, matembezi ya karakana ya Septemba, na orodha ya wafanyakazi na wenzi wao, kwa mwandiko wa haraka wa mama huyo mwenyewe. Wa mwisho tulikuwa sisi. Bi Dettmer alipiga mstari ule, Volkmar alinieleza, asisahau kuhesabu kiti changu kwenye basi.

Nililia pale pale, aproni ingali shingoni. Volkmar alisubiri nimalize, kisha akanitazama mdomoni na kusema jino langu la mbele linataka kuangaliwa.