Jumatano Mbili za Mzee Arthur

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, niliyowaua samaki wanne wa mtu aliyekuwa amelala, nikidhani namtendea wema.

Nakuandikia kutoka hapa Forest, mtaa wa Brussels. Tangu kiwanda cha magari kifungwe, nawaona vijana mnavyozunguka. Leo mnasema Antwerpen, kesho Kanada. Juzi mmoja wenu alinipigia simu kuniambia kwamba ameacha kazi ya kutunza wazee bila hata kuaga, kwa sababu "kulitokea kitu kidogo, maman." Hicho kitu kidogo nakijua. Nami kiliwahi kunitokea, nikakimbia.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na miguu isiyotulia. Brussels ilinichosha. Wakati huo kitambulisho cha Ubelgiji kilitosha kuvuka kwenda Uingereza, basi nikavuka, nikapata kazi ya kumtunza mzee mmoja katika mji mdogo wa soko. Aliitwa Arthur. Mji wenyewe ulikuwa na barabara kuu moja, kanisa, daraja la mawe, na mto uliopita nyuma ya uwanja wa soko. Kila Jumatano wauzaji walipanga meza zao za jibini, soksi na viatu, na kila Jumatano hiyohiyo nilimsukuma Arthur kwenye kiti chake cha magurudumu hadi ukingoni mwa mto, akavua samaki.

Sikiliza jinsi watu wa pale walivyovua, maana hapo ndipo nilipojikwaa. Arthur alikuwa na kadi ya chama cha wavuvi wa mji. Akipata samaki, alimtoa ndoana taratibu, nikimsaidia, akamtia katika wavu mrefu kama mfuko uliozamishwa majini, akae humo akiwa hai. Jioni aliwatazama wote mara moja, kisha akaufungua wavu wakaenda zao. Wote, mwanangu. Hata wale wakubwa.

Mimi nimezaliwa Uvira, Kongo, mtoto wa wavuvi wa Ziwa Tanganyika. Kwetu samaki ni ada ya shule, ni dawa, ni chakula cha jioni. Kumrudisha samaki majini niliona ni kuikataa riziki mbele ya Mungu mwenyewe. Lakini sikuuliza kwa nini. Asiyeuliza hana ajifunzalo, na mimi nilijiona nimekwisha kujifunza. Nilijiambia tu kwamba maskini mzee huyu hana mtu wa kumkwangulia magamba.

Jumatano hiyo kulikuwa na baridi, na Arthur akasinzia ndani ya blanketi lake. Nikauvuta wavu. Samaki wanne, wapana, wenye rangi ya shaba. Nikawagonga vichwa, nikawakwangua juu ya jiwe, nikawapasua, matumbo nikayatupa mtoni kama tulivyofanya nyumbani. Nilikuwa naimba kimoyomoyo.

Colin, mlinzi wa mto, alitokea upande wa daraja. Siku za soko aliuza viatu, na kila baada ya saa moja alimwachia mkewe meza akaja kuangalia ukingo. Aliona magamba juu ya jiwe, akasimama. Arthur akaamka.

"Arthur," akasema, "nani amefanya hivi?"

Arthur aliutazama wavu mtupu. Akaitazama mikono yangu. Kisha akasema, "Mimi. Nilitaka kujua wana ladha gani."

Mikono ya Arthur ilitetemeka kiasi kwamba kikombe cha chai nilimshikia mimi. Kisu angekishikaje? Colin aliiangalia mikono yake, akaiangalia yangu, akangoja. Nami, mwanangu, nikainama kukunja blanketi. Niliogopa kufukuzwa kazi. Colin akanyoosha mkono, Arthur akatoa kadi yake mfukoni akampa. Sheria ya chama ilikuwa hivyo: anayeua samaki, haukaribii mto mpaka kamati iamue.

Nyumbani niliwapika kwa nyanya na vitunguu. Arthur akatafuna kidogo, akatoa mwiba, akatoa mwingine, akatoa wa tatu. Ladha ilikuwa ya matope matupu.

"Sasa unajua kwa nini tunawarudisha," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Hakunikaripia. Laiti angenikaripia. Usiku huo na uliofuata sikulala, na Ijumaa nikawaambia wakubwa wa kazi kwamba mama yangu mdogo ni mgonjwa sana, nikapanda basi kurudi Brussels. Wakatafuta mtu mwingine wa kumtunza.

Mama mdogo alikaa Berchem-Sainte-Agathe, pembezoni mwa Brussels, na hakuwa hata na mafua. Nilikaa kwake wiki mbili na zaidi, ikiwa kukaa ndilo neno lake. Asubuhi nilipanda tramu bila kuwa na ninakokwenda. Nilishuka Porte de Namur, nikaingia Matonge, mtaa wa Wakongo, nikasalimia watu, nikatoka, nikarudi, nikatoka tena. Mtembezi hula miguu yake. Zilipofika Jumatano nilikuwa hoi zaidi, maana nilijua kuna mzee ameketi dirishani, na mto uko mita mia mbili kutoka hapo.

Jumapili ya tatu, tumetoka kanisani, mama mdogo akaweka mezani sahani ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, akanitazama nikisimama na kuketi.

"Weye," akasema, "juu ya nini unatembeatembea kama kuku anatafuta fasi ya kutaga? Kaa chini. Unakimbia nini?"

Nikamweleza yote, hata uongo wa ugonjwa.

"Ah bon. Miye njo mugonjwa?" Akajigusa shingo. "Nitakufa lini? Nipange mambo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Donc hukujua sheria yao," akasema.

"Sikujua, maman."

"Niambie. Kule kwetu Uvira, papa yako akifika na mutumbwi kwenye fasi ya bantu wengine, anatupa nyavu tu?"

"Hapana," nikasema. Pwani zetu kila moja ilikuwa na mzee wake. Mvuvi mgeni alitia nanga, akamwendea mzee huyo, akamsalimia, akamwambia ametoka wapi na anatafuta nini. Ndipo alipovua. Baba alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kushona wavu.

"Alors ulijua," mama mdogo akasema. "Ulizani ni maziwa yetu tu iko na wenyewe. Hiyo ni kosa ya kwanza, na hiyo bantu wanasamehe. Lakini ile muzee alisema uongo juu yako, na weye uko hapa unakula ndagala."

"Sili, maman. Hazipiti."

"Afazali zisipite. Miguu yako unaichokesha bure. Mudomo njo ilipashwa kutembea."

Jumatano asubuhi nilishuka kwenye basi, nikaenda na begi langu moja kwa moja hadi kwenye meza ya Colin. Kulikuwa na mama mmoja akijaribisha buti. Sikungoja amalize. Nilisema ni mimi niliyewaua samaki, na Arthur alikuwa amelala.

"Najua," Colin akasema. "Tangu siku ile nangoja mmoja wenu aseme."

"Kwa nini hukusema wewe?"

"Kadi ni yake, na yeye alisema ni yeye. Ningemwitaje mwongo mbele ya kamati? Sasa nitawaeleza mwenyewe."

Akatoa kadi kwenye kopo lililokuwa chini ya meza, akanipa. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: katikati ya Machi mto hufungwa, miezi mitatu, ili samaki wazae. "Jumamosi hii," akasema. "Mngekuja mapema kidogo."

Siku hiyo ilikwisha nikiwaomba wakubwa wa kazi wanirudishe kwa Arthur, wakakubali. Kesho yake mvua ilinyesha kutwa. Ijumaa nikamvika Arthur makoti mawili nikamsukuma hadi ukingoni. Maji yalikuwa mazito kama chai ya maziwa. Alivua kwa saa tatu nzima, hakupata samaki hata mmoja, na alikuwa mchangamfu. Nilimwomba msamaha.

"Ulirudi," akasema. "Lakini siku zile mbili, Jumatano zile, zilikuwa ndefu sana."

Mwezi wa Mei alilazwa hospitali, na hakutoka. Mto ulipofunguliwa tena mwezi wa Juni nilipita darajani nikawaona wengine wameketi pale. Hakuna aliyenilaumu. Kazi sikufukuzwa, chama hakikunifanya lolote. Na bado, mwanangu, Jumatano mbili za mtu aliyebakiwa na chache nilizichukua mimi, na sina mahali pa kuzirudisha.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukifika kwa watu, kabla ya kugusa chochote, uliza, hata kama unaona wazi kwamba wanakosea. Kila maji yana mzee wake. Na ukikosea, maana utakosea tu, sema siku ileile. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini kuna wakati kifo kinachokuja si chako wewe, ni cha yule uliyemwachia mzigo wako. Utaogopa. Sema hivyohivyo. Wewe uliyenipigia simu juzi, yule mama mzee uliyekuwa ukimtunza, ukamwacha bila kuaga, bado anaishi mtaa wa pili kutoka kwako. Nenda leo. Kanada haitahama.

Mungu aitulize miguu yako na aufungue mdomo wako kwa wakati. Akupe watu wenye subira ya kungoja ukweli wako, na akujalie kufika wangali wapo. Amina.