Penseli ya Aloo

Nikifungua sanduku la bati, harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende hunirudisha moja kwa moja nyumbani kwa Dani, upande wa Dunga, Kisumu, saa tisa ya Jumapili, ziwa likiwa kimya na jua limekataa kusogea. Nawaambia haya nyinyi kwa sababu najua mnasoma. Tuna kikundi chetu cha simu ambamo kila Ijumaa mtu huuliza, "Mnasoma nini wiki hii?" na watu humwaga maoni yao. Huyu amechoshwa na sura ya tano, yule amelia mbele za watu ndani ya basi. Mimi huandika maoni yangu, huyasoma mara mbili, na mara nyingi huyafuta. Si kwamba naona haya. Nataka kwanza kuhakikisha kwamba ni yangu.

Dani, ndivyo tulivyomwita bibi, alikuwa mama mzazi wa baba. Nilipozaliwa, wanasema, nililia siku tatu bila kupumzika. Kwa desturi yetu Waluo, mtoto wa namna hiyo anatafuta jina, kwa hiyo wazee wakaanza kutaja marehemu wa ukoo mmoja mmoja huku nikiendelea kupasua masikio yao. Dani aliposema "Aloo," nikanyamaza. Aloo alikuwa dada yake baba, mwalimu wa shule ya msingi kule Muhoroni, aliyekuwa amefariki kwa malaria mwaka mmoja kabla. Basi nikawa Aloo. Baba hakuwahi kunichapa hata siku moja, na nilipokuwa mdogo nilidhani ni upole wake tu.

Kitu kimoja nilikijua tangu utotoni, kwa jinsi watoto wanavyojua mambo ambayo hawakuambiwa. Aloo na mama yake waliachana vibaya. Aliondoka nyumbani bila kuaga, na wiki tatu baadaye akarudishwa ndani ya jeneza. Waligombania nini, hakuna aliyesema. Dani alikaa na swali moja tu moyoni, kama binti yake alikufa bado amemkasirikia, na mtu wa kumjibu hakuwepo.

Kila Jumapili baada ya kanisa, wanawake watatu walikuja kwa Dani kuzungumza juu ya vitabu. Aloo ndiye aliyewakusanya zamani, na alipokufa hawakuacha. Mwalimu Rosalia alikuwa mstaafu aliyesomea Maseno, na alishika riwaya kama anayesahihisha mtihani. Mama Otis aliuza mitumba soko la Mamboleo na alisoma katikati ya wateja. Mama Zubeda alitoka mjini, karibu na msikiti, na kwa kuwa Dholuo haikumwingia vizuri, wote walizungumza Kiswahili, kila mtu na chake. Kitabu kilikuwa kimoja. Kilizunguka kutoka mkono hadi mkono, na Jumapili kila mmoja alieleza amefika wapi na anaonaje, bila ruhusa ya kufichua yaliyo mbele. Dani hakujua kusoma. Alikaa kwenye kona akibambua karanga, akisikiliza. Baadaye aliwapakulia nyoyo, chakula chetu cha kuchemsha, ambayo kwake ilikuwa mahindi na njugu tu, wakati nyumba nyingine zote hutia maharagwe. Nilidhani ni mapishi yake.

"Mimi huyu daktari simwamini hata kidogo," Mama Otis alizoea kuanza. "Ako na bibi mzuri hivyo na bado anachelewa kurudi? Aende huko!"

"Kitabu hakijasema alienda kwa mwanamke," Mwalimu Rosalia alimkatiza. "Umesoma vizuri?"

"Kwani lazima iseme? Mimi najua."

"Yaani wewe, Mama Otis, kila mwanamume wa kitabuni wamtia jela kabla hajakosa," Mama Zubeda alisema, na kicheko kikajaa sebule.

Wakati huo vitabu vipya vilikuwa shida, basi walirudia vile vya sanduku la Aloo, lililokaa chini ya kitanda cha Dani. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Dani aliniomba nimsomee kila kitabu kabla hakijaanza kuzunguka, ili naye afuate mazungumzo, na nilikuwa nikikaa kizingitini kwa sababu ndani kulikuwa na giza. Hapo ndipo nilipoiona penseli. Ilikuwa imefifia mno. Ukikishika kitabu wima huoni kitu, ila ukikilaza juani, pembeni mwa ukurasa yalijitokeza maandishi madogo yaliyolalia kushoto. *Mwongo huyu.* *Hapa mwandishi alikuwa na njaa.* Na pale alipokubaliana na jambo, neno moja tu: *Kweli.*

Nikasoma yote, na sikumwambia mtu.

Jumapili ile walikuwa wakibishana juu ya mzee mmoja wa riwayani, kama ni mkarimu au la. Nikajikuta nasema kutoka kizingitini, "Anasifu chakula kabla hajaonja. Kuna kitu anataka."

Kikombe cha Mama Zubeda kilibaki hewani. Mwalimu Rosalia akavua miwani.

"Nani amekuambia hiyo?"

"Mimi mwenyewe," nikasema.

Kwenye kona, karanga ziliacha kulia. Dani alinitazama kwa muda mrefu, na macho yake yalinipita kidogo, kana kwamba mtu amesimama nyuma ya bega langu. Niligeuka kuangalia. Hapakuwa na mtu.

Nawaungamia kwamba nilipenda. Mtoto gani hapendi wakubwa wanyamaze anapofungua mdomo? Wiki iliyofuata nilitoa maoni mengine, na nyingine tena, yote ya penseli. Niliamini macho ya wazee wale hayawezi kuona kile ninachokiona mimi. Mama Otis aliguna, "Yawa! Ni yeye kabisa." Wakanihamishia kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, ambacho hakuna aliyekuwa akikikalia, na sikuuliza kilikuwa cha nani. Mama Zubeda akaniletea chai bila sukari. Sikuwahi kunywa chai bila sukari maishani mwangu, lakini niliimaliza, na ilikuwa tamu. Shuleni mwalimu wangu aliuliza kwa nini mwandiko wangu umeanza kulalia kushoto. Nilipojaribu kuunyoosha, mkono uliuma.

Mama yangu ndiye pekee aliyekasirika. Siku moja alikuja kunichukua, akasimama mlangoni bila kuketi. "Huyu ni mtoto wangu," alimwambia Dani. "Msimkalishe kwa kiti ya mtu amekufa."

Dani aliendelea kubambua karanga. Alikuwa ameanza kunisemesha kwa sauti ya chini tukiwa wawili, akiniuliza kama nimechoka, kama Muhoroni kulikuwa na baridi. Nilimwambia sijawahi kufika Muhoroni. Alitikisa kichwa taratibu, kama anayemwachia mgonjwa aseme atakacho. Hapo nilianza kuogopa, na aibu ikaja pamoja na hofu, kwa sababu wale watatu nilikuwa nawachezea tu, lakini bibi yangu nilikuwa namdanganya.

Kisha wakachagua kitabu cha mwisho sandukuni, kile ambacho Aloo alikuwa nacho Muhoroni alipougua. Kilikuwa hadithi ya msichana aliyetoroka kwao, na mama yake aliyekuwa akimwekea sahani mezani kila siku. Nilimsomea Dani nikitafuta penseli kwa haraka ya mwizi. Ilikuwepo, imelalia kushoto, hadi ukurasa wa mia na kumi na mbili. Baada ya hapo, pembeni mwa kurasa palikuwa peupe. Nilikilaza kitabu juani kila upande. Hapakuwa na kitu. Alikuwa amefika hapo tu.

Jumapili ya mazungumzo, wadudu wa ziwani waliinuka. Mliokulia Kisumu mnawajua, wale wadogo wasiouma, wanaopanda kutoka majini kama moshi wa kiwanda. Siku hiyo walikuja upande wetu. Magugu-maji yalikuwa yameziba ghuba kiasi kwamba hata sauti ya mawimbi haikusikika, na wingu lile lilipofika juu ya bati, sebule ikawa ya rangi ya majivu mchana mweupe. Tukafunga dirisha. Walijigonga kwenye kioo karibu na sikio langu, maelfu kwa maelfu, sauti kama ya mtu anayefunua kurasa.

Wale watatu walikuwa wamefika mwisho wa kitabu isipokuwa sura moja, na walibishana kama msichana atarudi. Mama Otis alisema harudi, ana kiburi. Mama Zubeda alisema atarudi, damu ni damu. Ndipo Dani, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kutoa maoni, akaweka ungo wa karanga chini.

"Aloo," akasema. "Hiyo msichana. Bado amekasirikia mama yake?"

Nilielewa anachouliza, hata mimi wa miaka kumi. Nilitafuta kichwani maneno ya penseli na sikupata hata moja. Nilitaka kusema sijui. Nilitaka kulia na kukiri yote. Mdomo wangu ukafunguka.

"Hajakasirika, Dani. Kitabu tu kilikuwa kitamu, akasahau maharagwe."

Katika riwaya ile hamna maharagwe. Ungo ulipinduka, karanga zikatapakaa sakafuni, na bibi yangu akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwa akalia kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu mzima. Mwalimu Rosalia alinishika mkono akanitoa nje, tukasimama ukutani huku wadudu wakitujaa kwenye nywele.

"Nani amekuambia mambo ya maharagwe?" akauliza.

"Hakuna mtu."

Ndipo aliponieleza. Siku ya mwisho Aloo alipokuwa nyumbani, aliachiwa maharagwe jikoni ayaangalie. Akazama kitabuni, yakaungua hadi sufuria ikatoboka. Dani alimnyang'anya kitabu akakitia motoni, akamwambia maneno ambayo mama hapaswi kumwambia mtoto. Aloo akabeba mfuko wake akaondoka. Ni Dani na Mwalimu Rosalia tu waliojua, na wote wawili hawakuwahi kulisema jambo hilo mbele yangu.

Kesho yake, kwa Dani kulipikwa nyoyo ya maharagwe. Alinipakulia mwenyewe, akakaa akinitazama nikila, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi macho yake hayakunipita. Mama hakuniruhusu tena kwenda Jumapili. Sikulia. Nilitamani chai yenye sukari, lakini nilipoinywa nilishindwa.

Dani alifariki nikiwa chuo, na baba akanikabidhi sanduku. Sikulifungua kwa miaka. Nilipolifungua hatimaye, nilikichukua kitabu kile cha mwisho nikaenda nacho juani, nikakilaza ukurasa wa mia na kumi na mbili. Penseli ilikuwa hapo, imefifia zaidi. Nikafunua ukurasa unaofuata, ule niliouacha mweupe. Pembeni, kwa kalamu nyekundu na mwandiko ulionyooka wa Mwalimu Rosalia, palikuwa pameandikwa:

*Hapa anaanza yule mdogo.*

Nilikaa chini kizingitini kwangu. Walijua. Bila shaka walijua, vitabu vile vingine vyote walikuwa wamevisoma Aloo akiwa hai, akiwa bado anavipitisha kwao vikiwa na penseli mbichi. Kila neno nililoiba walikuwa wanalikumbuka. Waliniacha niseme kwa sababu walikuwa wamemkosa rafiki yao na walitaka kumsikia, hata kwa mdomo wa mtoto mwongo. Nami nilidhani nawachezea wazee. Lakini walikuwa pia wakisubiri siku nitakaposema langu, na siku hiyo ilipofika Mwalimu aliiweka alama. Nililia kwa shukrani, na kwa aibu iliyochelewa miaka ishirini.

Kisha nikakiinamisha kitabu kidogo zaidi, jua likapita kwenye karatasi. Chini ya wino mwekundu kulikuwa na penseli, neno moja, limelalia kushoto: *Kweli.*

Mwandiko wangu hadi leo hulalia kushoto, basi huenda niliandika mimi. Sikumbuki kuandika.